"Mmefika wapi?" Simu inayomfuata dereva hadi Marangu

Kila anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Uchagani mwezi Desemba analijua swali hili: "Mmefika wapi?" Anaulizwa akiwa Chalinze, anaulizwa Mkata, anaulizwa Korogwe. Anaulizwa na mama aliyeko Marangu ambaye ameshamenya ndizi, na kaka aliyetangulia juzi, na shemeji wa Mwika anayetaka kuhakikisha mchele wake haukusahaulika. Mara nyingi anaulizwa na kundi zima la WhatsApp la ukoo, watu 60 na zaidi, kila mmoja kwa wakati wake.

Desemba iliyopita swali hilo lilinikuta kwenye ule mnyoofu wa Hedaru. Wanaopita njia hiyo wanaujua: milima ya Upare kulia, nyika kushoto, joto, na lami iliyonyooka hadi inameremeta mbele kama maji. Nilikuwa nimeshika usukani tangu saa 10 alfajiri. Mke wangu, ambaye tangu Korogwe alikuwa ananiambia nimpe hiyo simu, alikuwa amepitiwa na usingizi. Simu ikalia mara moja. Nikaichukua, nikaanza kuandika neno moja tu: Hedaru. Herufi 6.

"Baba, ng'ombe!"

Alikuwa binti yangu wa miaka 9, aliyekaa katikati kiti cha nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili kama mtu anayejifunza. Gari likasimama, simu ikaingia chini ya kiti, mfuko wa mchele wa shemeji ukaja mbele. Ng'ombe wenyewe hawakushtuka sana. Mchungaji wao, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, alisimama katikati ya lami, fimbo begani, akanitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hesabu niliifanya baadaye, tulipokaa Same kunywa chai. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Kuandika herufi 6 na kutafuta pa kubonyeza ili zitumwe hakuchukui chini ya sekunde 5. Ni mita 125. Urefu wa uwanja wa mpira na ziada, nimeupita macho yakiwa mapajani, na nyuma yangu wamekaa watoto watatu.

Anayepiga ni nani?

Tukizungumzia ajali, tunawataja madereva wa mabasi, trafiki, matuta na kona. Kila mmoja ana sehemu yake. Lakini nikiichunguza simu yangu ya siku ile, sioni namba ya mtu baki hata moja. Waliokuwa wananipigia ni watu wanaonipenda kuliko wote duniani, na walipiga kwa sababu hiyo hiyo. Mama hana raha mpaka asikie tumevuka Same. Ndiyo maana nimeona jambo hili likae kwenye ukurasa wa familia, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa kifamilia.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali mara 4 hivi ya yule asiyeitumia. Wengi tukisikia hivyo tunajitetea kwamba sisi tunatumia spika, au kale kadude ka masikioni. Shirika hilo hilo linasema kuongea bila kushika simu hakuna usalama mkubwa wa ziada. Ukitaka kulielewa hilo, kumbuka siku uliyoongea na ndugu yako kuhusu mgogoro wa kihamba huku ukiendesha. Mikono ilikuwa kwenye usukani, macho yalikuwa barabarani, lakini wewe mwenyewe ulikuwa Marangu, kwenye mpaka wa masale, unabishana. Gari lilikuwa linajiendesha.

Aliyekaa pembeni yako ni tofauti kidogo na aliye kwenye simu. Akiona lori linakuja vibaya, ananyamaza. Mama aliyeko jikoni Marangu halioni lori. Ataendelea kuuliza kama watoto wamekula.

Na kuna hili jipya la kupiga picha. Siku hizi mtu anajirekodi video akiwa anaendesha, anaonyesha mshale wa spidi umelala kwenye 140, anaweka wimbo, anaandika "Tunakwenda kuhesabiwa". Utani huo wa kuhesabiwa tumetaniwa miaka mingi na makabila mengine, na sisi wenyewe tumeupenda. Ila anayeiweka video ile ni baba mwenye watoto, na watoto hao wamo humo humo ndani ya gari.

Barabara yenyewe ilivyo

Kutoka Dar es Salaam hadi Himo ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hakuna ukuta katikati. Ukitaka kumpita mwenye lori la saruji, unaingia kwenye njia ya mwenzako anayeshuka, naye huenda wakati huo huo anamjibu mtu "nimefika Kabuku". Mwishoni mwa Desemba njia hiyo inabeba mabasi, malori, Noah zilizojaa, na magari mengi madogo ambayo mwaka mzima hayajawahi kuvuka Kibaha. Dereva wake amezoea foleni ya Mwenge na Tazara. Kukadiria umbali wa gari linalokuja mbele kwa kilomita 100 kwa saa ni kazi nyingine, na haijifunzwi ndani ya siku moja.

Wapo wanaosema dawa ni barabara pana. Nairobi wanayo barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kwetu upo mpango wa barabara ya namna hiyo kutoka Kibaha kwenda Chalinze hadi Morogoro. Siku ikikamilika nitalipa bila kunung'unika, maana itawatenganisha wanaokwenda na wanaorudi, na hiyo peke yake ni kinga kubwa. Lakini barabara nzuri ina ulevi wake. Mtu akiona lami pana, hakuna bodaboda, hakuna mbuzi, ndipo anapojiambia kwamba sasa anaweza kusoma ujumbe.

Kwa hiyo barabara ya kwenda nyumbani tuichukulie ilivyo leo, pamoja na ng'ombe wake.

Usiku na misafara ya misiba

Desemba tunaijua. Kinachonipa hofu zaidi ni safari isiyo na msimu, ile ya kupeleka maiti nyumbani.

Februari 3, 2023, usiku, Coaster iliyokuwa imebeba mwili wa marehemu na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda mkoani Kilimanjaro iligongana na Fuso eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe. Watu 17 waliripotiwa kufa, na baadaye idadi ikaongezeka. Familia iliyotoka nyumbani kwenda kuzika mtu mmoja ikawa na majeneza ya kutosha ukoo mzima.

Sitaki kusema chanzo cha ajali ile kilikuwa nini. Nataka kusema safari hizi tunavyozipanga, kwa kuwa nami nimekaa kwenye kamati zake. Mwili unaagwa mchana, ibada inachelewa, chakula kinachelewa, tunaondoka saa 2 usiku ili tufike asubuhi. Coaster tumeikodi kwa aliyetupunguzia bei. Dereva wake ameshinda akipiga ruti za mjini tangu alfajiri na hakuna aliyemuuliza kama amelala. Mbele yake anakaa mjomba ambaye kazi yake ni simu: kuwaambia wachimba kaburi tumefika wapi, kumuuliza mchungaji saa ngapi, kumtafuta mwenye turubai. Mjomba akichoka, simu anapewa dereva, "ebu ongea nao wewe unaijua njia."

Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri saa 24 mwaka 2023, baada ya marufuku ya karibu miaka 30. Yana ratiba, yana kifaa cha LATRA kinachopiga kelele dereva akizidisha mwendo. Coaster ya msiba haina ratiba ya mtu yeyote ila ya kaburi. Hapo hakuna anayeweza kusema "tulale Korogwe tuendelee asubuhi" isipokuwa sisi wenye msiba. Marehemu hataudhika. Nimeshuhudia kikao kimoja mzee wa ukoo akisema maneno hayo, watu wakamtazama kana kwamba amekosa adabu. Tulilala Korogwe. Tukazika saa 9 alasiri badala ya saa 6 mchana, na ukiacha pilau lililopoa, sikumbuki tulichopoteza.

Mtoto anakaa wapi?

Angalia gari lolote linaloingia Himo wiki ya Krismasi. Utaona mtoto wa miaka 3 amesimama katikati ya viti viwili vya mbele, anashangaa mlima. Utaona mwingine amepakatwa na mama kiti cha mbele, mama amefunga mkanda uliowazunguka wote wawili. Utaona vichwa vinne vidogo kule nyuma kwenye mizigo ya Noah.

Mkanda unaowazunguka mama na mtoto pamoja ni mbaya kuliko tunavyodhani. Gari likigonga, mwili wa mama unakuja mbele kwa nguvu zote, na kilichopo kati yake na mkanda ni mtoto. Mfuko wa hewa nao ukifunguka, unafungukia uso wa mtoto. Na mikono ya mama, hata awe na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi kutoka mtoni, haiwezi kumshika mtoto wa kilo 10 gari linaposimama ghafla kutoka mwendo wa barabara kuu. Haiwezi kabisa.

Kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa takribani asilimia 70, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Vipo vya mtumba, na kwa hesabu zangu kimoja hakifikii gharama ya kreti za bia tunazopeleka nyumbani. Asiyekuwa nacho, basi walau mtoto akae nyuma, kiti chake, mkanda wake. Trafiki wamezoea kukagua mkanda wa mbele, nasi tumezoea kufunga kwa ajili ya trafiki. Wa nyuma hakaguliwi, hivyo hafungwi.

Baada ya ng'ombe wa Hedaru nilitazama nyuma. Binti yangu alikuwa amefunga mkanda kwa sababu mwalimu wao aliwaambia shuleni. Mdogo wake hakuwa amefunga. Alikuwa ameangukia sakafuni, kati ya viti, analia, mdomo umepasuka kidogo. Nilichojifunza juu ya mikanda ya nyuma nilijifunza pale, nikifuta damu kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Unapomkabidhi mtoto kwa basi

Mkoa wa Kilimanjaro una shule nyingi za bweni, na kila likizo vituo vya mabasi vinajaa watoto wenye matranka. Wengi husafiri bila wazazi. Tunawapeleka Magufuli pale Mbezi, tunamwomba konda awaangalie, tunarudi kazini.

Juni 28, 2025 basi na Coaster viligongana eneo la Sabasaba, Same, vikawaka moto. Waliokufa walikuwa zaidi ya 35. Taarifa za awali zilitaja tairi la basi kupasuka. Nilikuwa na mpwa wangu njiani siku hiyo, kwenye basi jingine. Kwa saa nzima nilimpigia mfululizo, kisha nikampigia konda, kisha nikatafuta namba ya dereva. Naam, ya dereva. Mimi, mwenye mita 125 zangu. Nashukuru hakupokea.

Mtoto wa miaka 13 anaweza kufundishwa mambo machache ya basi. Sheria inataka basi la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Dereva akiongea na simu, au akisukuma hadi kile king'ora kikalia bila kunyamaza, mtoto amwambie mtu mzima aliye jirani, na mtu mzima apaze sauti. Kwenye mabasi mengi namba za LATRA na za polisi zimebandikwa ukutani. Piga picha ya namba hizo kabla mtoto hajapanda, na wakati wa kukata tiketi uliza kama kuna dereva wa pili. Utaonekana msumbufu. Mama mmoja mbele yangu aliuliza hivyo dirishani, kijana wa tiketi akacheka, lakini akamjibu, na watu watatu nyuma yake wakauliza swali hilo hilo.

Kuna pia treni. Safari za abiria kwenda Moshi zilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Ni ya polepole, wenye haraka hawaipendi. Watoto wangu wanaipenda kuliko gari.

Ukishapinda Himo

Himo watu hushusha pumzi. Mlima huo hapo, migomba imeanza, hewa imebadilika, mtu anafungua kioo na kuzima kiyoyozi. Ndipo dereva anapolegea, na ndipo anapoingia kwenye barabara isiyotaka mzaha.

Kutoka Himo kupanda Marangu Mtoni, na kuendelea Mamba, Mwika hadi Rombo, nyumba na barabara vimebanana. Geti la kihamba linafungukia lami. Hakuna pa kutembelea kwa mguu, kwa hiyo kina mama wenye mizigo ya ndizi kichwani wanatembea kwenye ukingo wa lami, na bodaboda inawapita na gari linaipita bodaboda, yote kwenye kona moja. Watoto wa huku wanaijua barabara yao. Wageni ni wetu, waliokulia ndani ya uzio Mbagala na Tegeta, ambao wakiona binamu yao ng'ambo wanavuka mbio bila kutazama. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumsalimia kila shangazi, watembezeni watoto kwa mguu hadi dukani na kurudi. Waonyesheni upande wa kutembea na kona ambayo gari halionekani.

Na kushuka. Wengi wetu tunaendesha magari ya otomatiki na hatujawahi kugusa zile alama za chini, 2 na L. Ukitoka Marangu Mtoni kwenda Himo ukiwa umeacha kwenye D, mguu hautoki kwenye breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto sana hazishiki tena. Ile harufu ya kuungua mnayoisikia mkifika chini ni hiyo. Weka 2, acha injini izuie gari. Fundi yeyote wa Himo atakueleza, bure kabisa.

Sitagusa sana habari ya kuzunguka nyumba hadi nyumba, kila nyumba na mbege yake na bia zake, halafu baba huyo huyo anarudisha watoto saa 3 usiku. Kila ukoo unaijua stori yake na unajua ilitokea kona gani. Sisi ya kwetu ilitokea mwaka 1998, na hadi leo mama akipita pale hunyamaza.

Utaratibu wetu mpya

Nilimweleza mama habari ya ng'ombe siku ya pili, tukiwa wawili jikoni. Nilidhani atanigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Ile meseji ya saa ile ilikuwa yangu?" Nikamwambia hapana, mama, ilikuwa ya kundi. Nilimdanganya.

Pasaka tulipopanda tena, tulikubaliana hivi. Simu yangu inazimwa sauti na kuwekwa kwenye mkoba wa mke wangu kabla hatujatoka getini. Msemaji wa gari ni binti yetu. Anapiga yeye mara tatu tu: Segera, Same, na Himo. Kwenye kundi la ukoo kaka yangu aliandika siku moja kabla kwamba asiyeendesha ndiye anayejibu, na anayeendesha asitajwe jina. Wawili walilalamika. Mmoja wao alikuwa shemeji wa mchele.

Mama hakuweza kusubiri Himo. Tulipokuwa Mwanga simu ya binti yangu ikaita. Niliwasikia kutoka nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmefika wapi?"

"Mwanga, bibi. Baba haongei, anaendesha."

"Mwambie asiongee. Mmekula?"

Wakaendelea kuongea habari za ndizi na za mbuzi aliyezaa, mpaka mtandao ukakatika. Mimi nilikuwa nyuma ya lori la mkonge, nakwenda 60, nasubiri mahali pa kulipita.